Ndoa ya hisa 50,000: uchambuzi wa kisa cha Consuelo Vanderbilt

Wageni waliojaa Kanisa la Mtakatifu Thomas, Fifth Avenue, New York, tarehe 6 Novemba 1895, walimsubiri bibi harusi kwa dakika ishirini. Hakuchelewa kwa maringo. Alikuwa chumbani kwake analia, na mlangoni aliwekwa mtumishi wa kuzuia watu wasimwone. Alipofika kanisani na baba yake, shela ndiyo iliyomsitiri macho yaliyovimba. Jina lake Consuelo Vanderbilt, umri miaka 18. Bwana harusi alikuwa Charles Spencer-Churchill, Duke wa tisa wa Marlborough (Duke ni cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Uingereza), aliyebakiza wiki moja kutimiza miaka 24.

Siku hiyohiyo ilitiwa saini hati nyingine. Baba wa bibi harusi, William Kissam Vanderbilt, alimpa mkwewe mapato ya hisa 50,000 za kampuni ya reli ya Beech Creek, zenye thamani ya dola milioni 2.5. Kampuni ya familia, New York Central, ikadhamini kwamba faida haitashuka chini ya asilimia 4 kwa mwaka. Piga hesabu: dola 100,000 kila mwaka, maisha yake yote. Kwetu mahari hutoka kwa mume kwenda ukweni. Hapa zilitoka ukweni kwenda kwa mume, tena zikiwa na mdhamini.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya binti tajiri aliyempenda kijana asiye na kitu, wazazi wakamkatalia. Ukikifuata tarehe kwa tarehe unakuta mambo mengine kabisa. Kijana hakuwa fukara. Baba hakukataa chochote, kwa sababu hakuulizwa. Na waliomtamani mtu wasiyekuwa naye hawakuwa wawili tu: bwana harusi naye alikuwa na wake moyoni, na mbali kidogo alikuwapo msichana wa miaka 14 aliyekuwa akimtamani huyo bwana harusi kupitia magazeti.

Mama na haraka yake

Bila Alva, mama yake Consuelo, hakuna kisa. Alizaliwa Mobile, Alabama, katika familia ya biashara ya pamba ambayo mali yake ilipukutika baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1875 aliolewa na Vanderbilt, akapata fedha asipate heshima. Utajiri wa akina Vanderbilt ulianzia kwenye mashua za kuvusha watu wa Staten Island, ukaingia meli za mvuke, ukaishia kwenye reli, na kwa koo kongwe za New York hizo zilikuwa fedha za juzi. Bibi Caroline Astor, aliyeamua katika mji ule nani ni mtu na nani si mtu, hakuwahi kupeleka nyumbani kwa Alva kadi yake ya jina, ishara ya kumtambua mtu.

Alva alilimaliza suala hilo kwa karamu. Machi 1883 aliandaa dansi ya mavazi ya kujigeuza katika jumba lake jipya la Fifth Avenue, mji mzima ukawa hauzungumzi lingine. Inasimuliwa kwamba binti wa Bibi Astor alikuwa tayari anafanya mazoezi ya kucheza huko, ndipo ikabainika kwamba hawezi kualikwa, maana mama yake hamtambui mwenye shughuli. Kadi ikaletwa. Nadhani Alva hakuisahau siku hiyo: shughuli ikiwa kubwa kiasi cha kutosha, hata anayekudharau hubisha hodi.

Mwaka 1892 likakamilika jumba lake la kiangazi huko Newport, Rhode Island, liitwalo Marble House, zawadi ya siku ya kuzaliwa kutoka kwa mumewe. Liligharimu dola milioni 11, na milioni 7 kati ya hizo ziliingia kwenye marumaru peke yake. Jumba la wiki chache kwa mwaka! Humo ndani Consuelo alikuwa na chumba ambacho kila kilichomo, mpaka vitu vya juu ya meza, alikichagua mama, na binti hakuruhusiwa kuongeza chake. Alipokuwa mdogo, wakati wa masomo alifungwa fimbo ya chuma kwenye uti wa mgongo, mkanda mmoja kiunoni na mwingine kwenye paji la uso, ili akae wima. Baadaye watu wa London walisifu sana mkao wake na ile shingo ndefu.

Sasa angalia mwaka wenyewe. Machi 1895 Alva alipata talaka kwa sababu ya uzinzi wa mumewe. Katika tabaka lile wanaume walikuwa na vimada na wake walinyamaza. Mke aliyelipeleka jambo mahakamani, aibu ilimrudia yeye. Marafiki wakaanza kumpita kanisani kama hawamwoni. Na mwenyewe alikuwa na mpango wake, maana alikuwa akimpenda Oliver Belmont, rafiki wa mumewe, na akaolewa naye tarehe 11 Januari 1896, miezi miwili baada ya harusi ya bintiye.

Mwanamke aliyevunja ndoa yake ili aishi na ampendaye ndiye aliyemzuia binti asiolewe na ampendaye. Wengi hulitaja hili wakatikisa kichwa na kusema unafiki. Mimi naona ni hesabu. Mama mtalikiwa alihitaji ngao, na hakukuwa na ngao kubwa kuliko kuwa mama mkwe wa Duke wa Uingereza. Ukiondoa talaka ya Machi, sioni sababu ya harusi kufanyika Novemba ileile.

Ua lisilo na jina

Kijana aliyependwa, Winthrop Rutherfurd, alikuwa mwanasheria wa miaka 33, mrefu, mtanashati. Ukoo wake ulitokana na Peter Stuyvesant, gavana wa mwisho wa Waholanzi kabla mji ule haujaitwa New York, na baba yake, Lewis Morris Rutherfurd, alikuwa mwanaastronomia aliyejulikana kwa kupiga picha za mwezi. Walikuwa na ardhi New Jersey. Kwa kipimo cha mji wenyewe, Rutherfurd ndiye aliyekuwa wa nasaba, na akina Vanderbilt ndio waliokuja juzi. Alichokosa ni cheo, na cheo cha aina ile hakikupatikana Marekani kwa bei yoyote. Kilipatikana ng'ambo.

Tarehe 2 Machi 1895, siku Consuelo alipotimiza miaka 18, aliletewa ua moja la waridi lisilo na jina la mtumaji. Alasiri kundi lao likatoka kuendesha baiskeli kwenye barabara ya Riverside Drive, kando ya mto Hudson. Baiskeli ndiyo kwanza zilikuwa zimeshika fasheni, na zilikuwa na jambo moja ambalo gari la farasi halina: kila mtu hupanda yake, na wa kusindikiza hukaa nyuma akichoka. Wawili wale walikanyaga mpaka wakawaacha wengine, Alva akiwa huko nyuma anatweta. Katika dakika hizo chache Rutherfurd akatamka neno, akakubaliwa. Wakapatana iwe siri na amfuate Ulaya, kwa kuwa safari ya binti na mama ilikuwa imeshapangwa.

Alimfuata kweli hadi Paris. Mlangoni akageuzwa. Barua alizoandika hazikumfikia Consuelo, na za Consuelo hazikutoka nje ya nyumba. Binti hakuambiwa. Alichojua kwa miezi ile ni kwamba aliyemwahidi kuja hakuja na wala hakuandika. Rutherfurd naye, kwa upande wake, alijua hivyohivyo kuhusu binti.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa kisa chote, kuliko hata vitisho vilivyokuja baadaye ambavyo wasimuliaji huvipenda zaidi. Hawa walipendana. Lakini kwa miezi kadhaa kila mmoja aliishi maisha ya mtu aliyependa asipendwe, kwa sababu kwa anayesubiri, kimya cha aliyezuiwa na kimya cha aliyekukataa ni kimya kimoja. Na kufanikisha jambo kama hilo kunahitaji mali. Katika nyumba ya vyumba viwili barua huwezi kuificha msimu mzima. Utaiona chini ya godoro, utamsikia jirani akiuliza. Lakini pale mtumishi mmoja hufungua mlango, mwingine hupokea barua, wa tatu huzipeleka kwa mama kwanza, na wote hulipwa na mtu mmoja. Mtu anaweza kuzungukwa na watu kutwa nzima na asipate hata mmoja wa kumtuma.

London, katika msimu uleule, Alva alihakikisha binti anakutana tena na Duke, na wakaenda kumtembelea Blenheim, kasri lake. Kisha wote wakarudi kwa ajili ya kiangazi cha Newport, Duke akiwa njiani kuwafuata.

Newport

Marble House ilikuwa na geti na bawabu, na Consuelo hakuachwa peke yake. Hata hivyo Newport ni ndogo na dansi zilikuwa nyingi, kwa hiyo siku moja akakutana na Rutherfurd ukumbini. Walicheza kidogo tu kabla mama hajaja kumwondoa, lakini kidogo hicho kilimtosha kujua kwamba hisia za mwenziwe hazijabadilika. Mtego wa kimya ukawa umekatika, ikabidi Alva atumie kingine.

Waliporudi nyumbani alimwita. Alimwambia kwamba Rutherfurd ni mtu wa wanawake, kwamba ana uhusiano na mke wa mtu, kwamba anawinda mali, kwamba kwao kuna wazimu na kwamba hatazaa. Binti hakutetereka, alisema ana haki ya kumchagua mume. Ndipo Alva akasema kwamba wakitoroka atampiga risasi Rutherfurd, atakamatwa, atanyongwa, na dhambi itakuwa ya Consuelo. Baada ya hapo nyumba ikawa kimya na mama haonekani. Rafiki wa familia aliyekuwa akikaa nao akaja na habari kwamba mama amepatwa na maradhi ya moyo kwa sababu ya ukaidi wa binti, na kwamba daktari anahofia mshtuko mwingine. Consuelo akauliza kama kweli hakuna njia ya kumlainisha. Akajibiwa hakuna. Akaomba Rutherfurd apelekewe ujumbe kwamba hawezi kuolewa naye.

(Moyo huo ulimfikisha Alva hadi mwaka 1933, akiwa na miaka 80.)

Tarehe 28 Agosti 1895 akamfanyia Duke dansi kubwa pale Marble House. Siku zilipita, Duke akaposa katika chumba kilichoitwa Gothic Room, chumba chenye kiza hata mchana, kilichosheheni vitu vya kale vya Ulaya vilivyonunuliwa kwa pamoja. Habari ikatolewa magazetini mara moja. Mdogo wake Consuelo, Harold, mtoto wa miaka 11, alimwambia dada yake waziwazi kwamba yule mtu anamwoa kwa ajili ya fedha tu. Katika jumba lile la milioni 11, huyo ndiye pekee aliyelisema kwa sauti.

Baada ya hapo yakaja magazeti. Yaliandika kuhusu nguo za bibi harusi mpaka za ndani, na yakazua vifungo vya dhahabu na almasi kwenye gata zake, yaani mikanda ya kushikilia soksi, jambo lililomfedhehesha mno. Ni moja ya mambo ya ajabu ya kisa hiki kwamba wasomaji wa New York walidhani wanajua kilichoko chini ya gauni la binti huyu, na hakuna aliyejua kilichoko moyoni mwake.

Upande wa Duke

Ni rahisi kumwona Duke kama mwindaji wa mali na kumalizana naye. Lakini naye alikuwa na shida yake, na shida hiyo ilijengwa kwa mawe. Kasri la Blenheim, Oxfordshire, lilianza kujengwa mwaka 1705 kwa ajili ya Duke wa kwanza, zawadi ya ushindi wake katika vita vya Blenheim vya 1704. Lilijengwa ili lionekane. Kuliendesha ni jambo jingine. Waliomtangulia walikuwa wameshauza karibu kila kilichobebeka: mkusanyiko wa vito mwaka 1875, maktaba mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha picha. Moja ya hizo, Madonna ya Raphael, ilinunuliwa na National Gallery ya London mwaka 1885 kwa pauni 70,000. Baba yake Duke alimwoa mjane tajiri wa New York mwaka 1888, na fedha za mjane huyo zikakarabati jumba. Penye udhia penyeza rupia, na kwa akina Marlborough rupia ilikuwa na desturi ya kuja na mke kutoka Marekani.

Kwa nini waliishiwa? Ubadhirifu upo, lakini kuna sababu kubwa zaidi. Makabaila wa Uingereza waliishi kwa kodi za mashamba. Tangu miaka ya 1870 ngano ya nyanda za Marekani ilianza kumiminika kwenye bandari za Uingereza kwa bei ambayo mkulima wa huko hakuiweza. Bei ikaanguka, wapangaji wakashindwa kulipa, na mwenye ardhi akaanza kushusha picha ukutani. Ngano ile ilifika pwani kwa treni, na New York Central ya akina Vanderbilt ilikuwa miongoni mwa njia kuu za kuifikisha bandari ya New York. Kwa hiyo fedha za reli zilizosainiwa siku ya harusi zilikuwa zinaziba pengo ambalo reli zenyewe zilisaidia kulichimba. Sidhani kama kuna mtu aliyelifikiria hilo pale kanisani.

Consuelo alieleza uzeeni kwamba muda mfupi tu baada ya harusi mumewe alimwambia alikuwa na msichana aliyempenda Uingereza, na kwamba alimwacha kwa sababu Blenheim ilihitaji fedha. Ninajaribu kuipata picha ya maongezi hayo. Mmoja ameachana na wake kwa sababu ya moyo wa mama, mwingine kwa sababu ya paa la nyumba, na sasa wako pamoja kwenye safari ndefu ya fungate, hakuna mwenye la kumlaumu mwenziwe wala la kumpa.

Meza ya Blenheim

Maisha yaliyofuata yanaonekana vizuri zaidi mezani. Duke alikuwa na mazoea ya kujaza chakula kwenye sahani, kuisukuma kando pamoja na vijiko na glasi, kurudisha kiti nyuma, kisha kukaa akizungusha pete kidoleni bila kusema neno. Baada ya robo saa hivi hurudi mezani, akaanza kula polepole sana na kulalamika kwamba chakula kimepoa. Mkewe akaanza kuja mezani na ufumaji wake. Mhudumu mkuu alikuwa akikaa nje ya mlango anasoma hadithi za upelelezi.

Siku za wageni zilikuwa na mzigo wa aina nyingine. Mwana wa Malkia alipokuja mwaka 1896, kila mwanamke alihitaji magauni mapya kwa kila kipindi cha siku, kumi na sita kwa siku nne. Bibi yake Duke, alipotambulishwa kwa bibi harusi, alimweleza bila kuzunguka kwamba wajibu wake wa kwanza ni kuzaa mtoto wa kiume, kwa sababu haivumiliki yule Winston kuwa Duke. Winston mwenyewe ndiye Winston Churchill, binamu wa Duke na mrithi wake hadi hapo. Consuelo alizaa mwana mwaka 1897 na mwingine mwaka 1898. Kazi aliyoletewa ikawa imekwisha akiwa na miaka 21.

Kuna jambo dogo la nyumba ile ambalo huwa nalikumbuka kuliko dhifa zote. Mabaki ya chakula cha mchana yaliwekwa kwenye makopo na kupelekwa kwa maskini wa vijiji vya jirani, na desturi ilikuwa kuyashindilia yote pamoja: nyama, mboga na vitamutamu. Consuelo aliamuru vitenganishwe. Watu walishangaa. Naamini aliyekulia katika chumba kisicho na kitu chake hata kimoja aliona upesi kuliko wengine pale mtu anapopewa bila kuulizwa anataka nini.

Waliachana mwaka 1906 bila talaka. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimtaka mke athibitishe uzinzi wa mume pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kumtelekeza, kwa hiyo walipoamua kumalizana ilibidi waigize: warudiane kwa jina, mume aondoke, ushahidi uandaliwe. Talaka ilikamilika mwaka 1921.

Wawili waliongoja

Yule msichana wa miaka 14 ni Gladys Deacon, Mmarekani aliyezaliwa Paris. Aliposoma habari za uchumba wa 1895 alimwandikia mama yake akisikitika kwamba lau angekuwa mkubwa kidogo angeweza kumnasa Duke. Ni maneno ya mtoto, na yangepita kama ya watoto wengine. Lakini Gladys hakuwa mtoto wa kawaida. Akiwa na miaka 11 baba yake alimuua kwa risasi mpenzi wa mama yake huko Cannes. Alikua na uzuri wa kusimuliwa na akili kali ya kutisha, akaingia Blenheim kama rafiki wa Consuelo. Mwana wa Kaisari wa Ujerumani alipotembelea huko mwaka 1901 alimpa pete, na ikabidi irudishwe. Alipokuwa na miaka 22 hivi alidungwa nta ya parafini kwenye pua ili inyooke kama ya sanamu za Kigiriki. Nta haikukaa mahali pake, ikateremka chini ya ngozi na kumharibu uso.

Alikuwa kimada wa Duke kwa miaka mingi, kisha tarehe 25 Juni 1921, Paris, akaolewa naye. Ilikuwa miaka 26 tangu barua ile. Alipata mtu, cheo na jumba. Mwaka 1928 macho yake yalichorwa kwenye dari ya varanda kuu ya Blenheim, na bado yapo, yanawatazama watalii. Lakini ndoa ilioza haraka. Akawa anafuga mbwa ndani ya kumbi, na usiku mmoja aliweka bastola mezani wakati wa chakula. Mgeni alipouliza ni ya nini, akajibu kwamba huenda akampiga Duke. Duke akahama, kisha mwaka 1933 akamfukuza jumbani. Mwaka uliofuata Duke akafa. Gladys alijifungia kijijini kwa miongo kadhaa na kufia hospitali huko Northampton mwaka 1977, akiwa na miaka 96.

Mwingine aliyengoja ni Jacques Balsan, Mfaransa wa familia ya viwanda vya nguo, mpenzi wa maputo na ndege. Kwa maelezo ya Consuelo, Balsan alimwona kwenye dansi Paris alipokuwa na miaka 17, akaenda kumwambia mama yake mzazi kwamba amemwona msichana atakayemwoa. Walioana tarehe 4 Julai 1921, siku tisa tu baada ya Gladys na Duke, wakaishi pamoja mpaka Balsan alipofariki mwaka 1956.

Wote wawili walisubiri zaidi ya robo karne. Tofauti yao, kwa ninavyoiona, si bahati. Gladys alimtamani mtu aliyemsoma gazetini, na alipompata alikuta amebaki gazetini. Balsan alimwoa mwanamke ambaye Duke hakumjua kabisa: Consuelo aliyekwisha kuanzisha hosteli ya wanawake wafanyakazi, aliyechaguliwa kuingia baraza la jiji la London mwaka 1917, aliyehutubia mikutano ya haki ya wanawake kupiga kura. Kama Balsan angempata mwaka 1895 angepata binti wa mama yake.

Na Rutherfurd? Mwaka 1902 alimwoa Alice Morton, binti wa aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani. Mke huyo alifariki mwaka 1917. Mwaka 1920 akamwoa Lucy Mercer, aliyekuwa katibu wa Eleanor Roosevelt, na ambaye barua zake za mapenzi na mume wa Eleanor, Franklin, zilikuwa zimegunduliwa mwaka 1918. Rutherfurd alifariki mwaka 1944. Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Roosevelt alipoanguka huko Warm Springs, Georgia, Lucy alikuwa palepale chumbani. Maishani mwake Rutherfurd aliposa binti aliyeozwa kwa mwingine, na akazeeka na mke ambaye roho yake ilikuwa na kwingine.

Ushahidi wa 1926

Faili la mwisho ni la Roma. Familia ya Balsan ilikuwa ya Kikatoliki, na kwa Kanisa ndoa ya 1895 ilikuwa bado hai hata kama mahakama ya London imeivunja. Mwaka 1926 mahakama ya Kanisa, Rota, iliitangaza batili tangu mwanzo kwa sababu ridhaa ilipatikana kwa kulazimishwa. Shahidi mkuu alikuwa Alva. Alieleza kwamba alikuwa na mamlaka kamili juu ya bintiye, kwamba hakuomba bali aliamuru, na kwamba amri yake haikuwa na mjadala. Habari zilipovuja, askofu wa New York wa Kanisa la Episcopal, yaani Waanglikana wa Marekani, William Manning, alikuja juu: ndoa iliyofungwa katika kanisa lao, wakazaliwa watoto wawili, leo Roma iseme haikuwapo?

Msomaji makini ana haki ya kushuku. Kufikia 1926 kila aliyetoa ushahidi alinufaika na jibu moja. Consuelo alitaka ndoa yake ya pili itambuliwe. Duke alikuwa anaelekea kwenye Ukatoliki, akapokelewa mwaka 1927. Alva alikuwa ameshapatana na binti, na kwa miaka mingi amekuwa kiongozi na mfadhili mkubwa wa wanawake waliodai kura Marekani. Ushahidi wa bastola ambayo Alva alitishia kuitumia na wa maradhi ya moyo ndio hasa ambao sheria ya Kanisa ilihitaji kuusikia, na Consuelo alipoandika kumbukumbu zake mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na sababu ya kuurudia kama ulivyotolewa. Hata Rutherfurd hakumtaja kwa jina.

Pamoja na hayo ninauamini, na siuamini kwa sababu ya bastola. Vitisho vya usiku mmoja vingeweza kuongezwa chumvi miaka thelathini baadaye. Kilichonishawishi ni barua. Mtu mwenye miaka 33, wa ukoo wake, mwenye uwezo wa kuvuka bahari na kupanga hoteli Paris, hasafiri mpaka kule ili anyamaze. Kama hakuandika, alikwenda kufanya nini? Na kama aliandika, kuna mtu alizipokea. Ridhaa ya Consuelo iliondolewa hapo mlangoni, Paris, miezi kadhaa kabla ya kiapo, na kwa kuwa jambo lilifanywa kimyakimya hakukuwa na kitisho cha kukumbuka wala shahidi wa kumwita. Rota ilifikia jibu sahihi kwa kuegemea nusu ya ushahidi iliyokuwa na kelele.

Wana wawili wa ndoa ile hawakuguswa na hukumu ya Roma. Mkubwa, John, alirithi cheo na kasri mwaka 1934, na paa likiwa zima.